Bunduki ikisugua benchi, kutu inafunga mabao

KUANZIA Tandika hadi Tegeta, mashabiki wa Arsenal wanajiita Washika Mitutu. Wana jezi yenye mzinga kifuani, wana kelele za wikiendi nzima, na karibu wote hawajawahi kushika kitu chochote chenye mtutu. Hakuna ubaya. Jina lenyewe ni la urithi: klabu ilianzishwa mwaka 1886 na wafanyakazi wa kiwanda cha silaha cha Woolwich, kusini mashariki mwa London, na mzinga ukaifuata timu hata ilipohamia Highbury, kaskazini mwa jiji, mwaka 1913.

Lakini katika mitaa hiyo hiyo ya Kinondoni na Temeke wapo washika mitutu wa kweli. Yupo mstaafu mwenye shotigani aliyonunua enzi za kuwinda. Yupo mfanyabiashara mwenye bunduki ya leseni ambayo hajaifyatua tangu siku aliyoichukua. Yupo pia kijana aliyefiwa na baba, akafungua kabati la marehemu na kukuta kitu kirefu kimeviringishwa kwenye blanketi. Wote hao wana mpinzani mmoja asiyechoka, asiyepewa kadi, na ambaye kwa Dar es Salaam anacheza uwanja wa nyumbani: kutu.

Na wengi wanafungwa bila kujua kwamba mechi imeanza.

UWANJA WA NYUMBANI

Chuma hakioti kutu kwa sababu ya uzee. Kinahitaji hewa na maji, basi. Na maji yenyewe si lazima yawe ya mvua. Unyevu uliomo hewani unatosha. Unyevu huo ukivuka kiasi cha asilimia 60, chuma kisicho na kinga kinaanza kuliwa kwa kasi. Dar es Salaam, hasa usiku na alfajiri, huwa juu ya kiwango hicho kwa sehemu kubwa ya mwaka, na masika yakiingia kati ya Machi na Mei hata nguo zilizofuliwa juzi zinagoma kukauka.

Halafu kuna chumvi. Upepo wa bahari unaoingia Kunduchi, Mbweni na Msasani unabeba chembe za chumvi zinazotua kwenye kila kitu, na chumvi huvuta maji na kuongeza kasi ya kutu. Ndiyo maana bati la Msasani na bati la Dodoma yaliyoezekwa mwaka mmoja hayazeeki pamoja.

Anayetaka kuona kutu inavyocheza aende kwenye kiwanja chochote cha mtaani Mbagala au Kigogo chenye magoli ya bomba la chuma. Juu, mwamba bado una rangi. Katikati ya nguzo, rangi bado ipo. Chini kabisa, pale nguzo inapozama ardhini na maji kutuama, chuma kimeliwa hadi kimekuwa kama mkate mkavu. Siku moja kipa anaegemea nguzo na goli zima linalala.

Bunduki nayo huliwa hivyo hivyo. Upande unaoonekana unang'aa, mwenye nayo anaupangusa kila Krismasi na kuridhika. Kutu iko pale mtutu unapolala juu ya mbao ya kitako, chini ya mkanda wa kubebea, kwenye vichwa vya skrubu, na ndani ya mtutu ambako hakuna anayechungulia. Mbao hunyonya unyevu na kuushikilia, chuma kinalala juu yake miezi kumi na miwili.

Nyumba zenye kiyoyozi zina mtego wao. Chupa ya soda ikitoka kwenye friji na kuwekwa mezani inatoa jasho mara moja. Bunduki iliyokaa chumba chenye ubaridi wa Mbezi Beach, ikitolewa nje mchana wa Februari, inatoa jasho lile lile, nje na ndani ya mtutu. Ikirudishwa kabatini kabla ya kukaushwa, maji hayo yanafungiwa nayo humo. Hapo mwenye nyumba anadhani ameihifadhi mahali pazuri kuliko jirani wa Keko asiye hata na feni.

BENCHI NDILO LINALOUMIZA

Mashabiki wanajua mchezaji anayesugua benchi msimu mzima anavyorudi uwanjani: pumzi hamna, mguu mzito, pasi ya mita tano inakwenda kwa mpinzani. Bunduki ni vivyo hivyo, tena zaidi. Ile inayotumika mara kwa mara husafishwa mara kwa mara. Ile iliyofichwa ndiyo inayooza.

Tofauti hii inaonekana wazi kwa upande wa majeshi. Kulenga shabaha ni sehemu ya michezo ya Baraza la Michezo ya Majeshi Tanzania (BAMMATA), sambamba na soka, netiboli, ngumi na riadha. Ni mchezo usio na mashabiki wengi. Hakuna anayepanda gari kutoka Temeke kwenda kumshangilia mlengaji, wala hakuna anayemjua kama anavyojulikana Alphonce Simbu, mwanajeshi aliyetwaa dhahabu ya marathoni ya dunia Tokyo mwaka 2025. Lakini ni mchezo wenye umri: umo kwenye Olimpiki tangu ile ya kwanza ya Athens mwaka 1896.

Kwenye mashindano ya kimataifa ya bunduki ya mita 50, duara la alama kumi lina kipenyo cha milimita 10.4, karibu sawa na kifungo cha shati. Mita 50 ni karibu nusu ya uwanja wa mpira. Anayetaka kupiga kifungo cha shati kilichowekwa kwenye mstari wa kati, yeye akiwa amelala kwenye mstari wa goli, hawezi kuwa na mtutu wenye vishimo ndani. Risasi huongozwa na mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu ili izunguke na kwenda moja kwa moja. Kutu ikila mifereji hiyo, hakuna kocha atakayerekebisha.

Jeshini silaha hairudi ghalani kama ilivyotoka kwenye shabaha. Inafunguliwa, inasafishwa, inakaguliwa, ndipo inapokelewa. Raia hana mkaguzi. Ana leseni, ana kabati, na ana imani kwamba chuma ni chuma.

MAJI YA MOTO YA WAZEE

Kuna jambo wazee waliopitia King's African Rifles walilifundishwa ambalo vijana wakiambiwa wanacheka: bunduki ilioshwa kwa maji ya moto.

Kikosi hicho cha mkoloni kilikuwa na kambi hapa hapa Kinondoni, iliyoitwa Colito kwa kumbukumbu ya vita vya Ethiopia mwaka 1941; leo ndiyo Lugalo, jina la ushindi wa Mkwawa dhidi ya Wajerumani mwaka 1891. Silaha ya askari wa KAR kwenye Vita vya Pili vya Dunia ilikuwa Lee-Enfield ya risasi .303. Na hapa mashabiki wa Arsenal wakae vizuri, maana habari hii si nzuri kwao: Enfield ni mahali, kaskazini mwa London, palipokuwa na kiwanda cha bunduki cha serikali. Ndipo pia ulipo uwanja wa mazoezi wa Tottenham. Kwa hiyo mzinga uko kwenye nembo ya Arsenal, lakini jina la bunduki yenyewe limetoka kwa jirani.

Turudi kwenye maji. Viwashio vya risasi za zamani vilikuwa na kemikali ambayo ikilipuka huacha chumvi ndani ya mtutu, ndugu wa karibu wa chumvi ya mezani. Chumvi haiyeyuki kwenye mafuta. Askari angeweza kupaka mafuta hadi yachuruzike, chumvi ikabaki chini yake ikivuta unyevu, na baada ya siku mbili mtutu ukawa mwekundu. Kinachoondoa chumvi ni maji. Walimimina maji yanayochemka kwenye mtutu, chuma kikapata moto na kujikausha chenyewe, kisha kitambaa kikavu, na mafuta mwisho kabisa. Majeshi mengi pia yalikuwa na desturi ya kurudia usafi siku tatu mfululizo baada ya kulenga shabaha, maana mtutu uliopanguswa leo kesho hutoa uchafu mwingine.

Risasi nyingi za kisasa za kiraia hazina tatizo hilo. Risasi za zamani za kijeshi, hasa za nchi za Mashariki, nyingi zinalo bado, ndiyo maana bunduki za familia ya AK nyingi zimepigwa kromu ndani ya mtutu. Bunduki za kuwindia kwa kawaida hazina kromu hiyo.

Gobore lina kesi yake. Baruti nyeusi huacha masizi yanayonyonya maji kama sukari iliyoachwa wazi jikoni. Gobore likifyatuliwa jioni na kutundikwa ukutani bila kuoshwa, asubuhi mtutu umeshaanza kuota kutu. Dawa yake ni ile ile ya wazee: maji ya moto, sabuni kidogo, kukausha kwelikweli, mafuta.

KABLA YA BRASHI, CHEMBA

Kazi yoyote ya usafi inaanza kwa kuhakikisha bunduki haina risasi. Magazini inatolewa, chemba inafunguliwa, mtu anatazama kwa jicho na kugusa kwa kidole, mdomo wa mtutu ukiwa umeelekea mahali pasipo na mtu. Risasi zinaondolewa chumbani kabisa. Maneno kwamba "haina kitu hii, nilitoa mwenyewe" hayahesabiki hata kama aliyeyasema ni ofisa mstaafu.

Baada ya hapo brashi ya shaba inapita ndani ya mtutu ikiwa na dawa ya kusafishia silaha. Ikiwezekana iingilie upande wa chemba na kutokea mdomoni, si kinyume chake, kwa sababu ufito wa chuma ukikwaruza ukingo wa mdomo wa mtutu kila wiki, risasi zitaanza kwenda pembeni kama penalti ya beki aliyelazimishwa kupiga. Vinafuata vitambaa vidogo vya pamba, kimoja baada ya kingine, hadi kitoke kilivyoingia. Kitambaa kikitoka na rangi ya chai, hiyo ni kutu, na kazi inaendelea.

Kutu changa iliyo juu ya chuma, ile inayoonekana kama vumbi la tofali, inatoka kwa mafuta na stilwaya laini kabisa ya mafundi, kwa mkono mwepesi. Si ile ya kusugulia masufuria. Msasa ndio usithubutu: unaondoa kutu pamoja na ile rangi nyeusi iliyowekwa kiwandani kukilinda chuma, na ndani ya wiki sehemu iliyosuguliwa inakuwa nyekundu kuliko mwanzo. Wapo mafundi wa vyuma vya magari, kazi zao nzuri tu, ambao wakipewa bunduki wanaishughulikia kama bampa. Bunduki ina fundi wake aliyeruhusiwa kisheria.

Mwisho, alama za vidole. Jasho lina chumvi, na kuna watu ambao jasho lao ni kali. Wakishika chuma leo, kesho kutwa dole gumba limejichora. Anayemaliza kusafisha apanguse kila alipogusa kwa kitambaa chenye mafuta, na hapo hapo airudishe mahali pake. Kuionyesha kwa shemeji baada ya kuipangusa ni kuanza upya.

MAFUTA SIYO YA CHIPSI

Dar ina kawaida ya kutumia kilichopo. Mafuta ya nazi yameshapakwa kwenye panga, bawaba za mlango na hata mnyororo wa baiskeli. Kwenye bunduki, mafuta ya nazi na ya kupikia ni ushindi wa dakika kumi. Mwanzoni yanang'arisha, baada ya miezi yanaganda, yanakuwa kama gundi na kushika vumbi, na triga inaanza kusitasita. Mafuta ya cherehani ni afadhali mara nyingi zaidi, kwa matumizi ya muda mfupi, maana ni mafuta mepesi ya madini yasiyoganda. Lakini hukauka. Bunduki inayolala miezi inahitaji mafuta mazito zaidi yaliyotengenezwa kwa kuzuia kutu, au grisi nyepesi kwa ile itakayokaa mwaka.

Kuzidisha nako ni faulo. Mafuta mengi yanatiririka hadi kwenye kitako na kuilainisha mbao, au yanaingia kwenye mitambo ya triga na kukusanya uchafu. Ndiyo maana wajuzi wengine huihifadhi bunduki mdomo ukiangalia chini, mafuta yaende mlangoni badala ya jikoni. Na mtutu uliojaa mafuta au grisi haufyatuliwi hivyo hivyo. Kitambaa kikavu hupitishwa kwanza, kwa sababu kinachoziba njia ya risasi kinapandisha shinikizo la gesi ndani.

Kuhusu mahali pa kuilaza, kosa kubwa la mjini ni mkoba. Mkoba wa ngozi au ule wenye sponji ndani ni wa safari. Ngozi hubaki na chumvi na tindikali za kiwandani, sponji hunywa unyevu na kuukumbatia, na bunduki iliyolala humo msimu wa masika hutoka na madoa yanayofuata mshono wa mkoba. Blanketi chini ya uvungu ni baya zaidi. Kabati la chuma lenye kufuli, lisilogusana na ukuta wa nje unaolowa mvua, likiwa limeinuliwa kidogo kutoka sakafuni, ndiyo nyumba yake, na linatimiza pia takwa la sheria la kuiweka mbali na watoto na wezi.

Ndani ya kabati hilo, wanasoka wana silaha wanayoitupa kila siku. Vile vipakiti vidogo vinavyokuja kwenye boksi la viatu vipya, vilivyoandikwa usile, vimejaa chembe zinazonyonya unyevu. Kimoja hakitoshi kabati. Vinahitajika vingi, au vile vikubwa vinavyouzwa kwa kazi hiyo. Navyo hushiba. Vikishashiba ni mchanga tu, mpaka vipashwe kwenye oveni ya joto la wastani na kukauka tena, ikiwa pakiti yake inahimili moto. Anayeviweka mwaka huu na kuvisahau hadi mwaka kesho amepanga wachezaji waliokwisha kutolewa.

Ratiba inayofaa pwani ni kuikagua kila mwezi, na masika kila wiki mbili. Dakika kumi zinatosha. Ni pungufu ya mapumziko ya mechi.

KUTU IKISHASHINDA

Bunduki pekee ya Dar ambayo haina haja ya ratiba hiyo ni ya yule askari wa sanamu ya Mtaa wa Samora, aliyesimama pale tangu mwaka 1927 na bayoneti yake ikielekea bandarini. Yeye na bunduki yake ni shaba nyeusi. Pigo lake ni ukijani, si kutu.

Kwa wengine, ipo hatua ambayo mafuta hayasaidii tena. Kutu ikichimba vishimo ndani ya mtutu au kwenye chemba, chuma kimepungua unene na hakirudi. Bunduki ikifyatuliwa, shinikizo linalotokea ndani ni kubwa mno kwa chuma kilicholiwa, na linatokea sentimita chache kutoka usoni mwa mpigaji. Shotigani za zamani zenye mitutu myembamba ndizo za kuogopwa zaidi, hasa zilizokaa miaka bila kutazamwa. Wakati mwingine si kutu peke yake: nyigu hupenda tundu la mtutu na kujenga nyumba ya udongo mle ndani. Risasi zilizolowa nazo zina hila yake. Inaweza kulia kwa sauti ndogo na kichwa cha risasi kikakwama katikati ya mtutu, halafu mtu akafyatua ya pili nyuma yake. Mtutu unapasuka kama bomba.

Kwa hiyo anayeona vishimo haijaribu "kidogo tu" shambani Mkuranga. Anaipeleka kwa fundi mwenye kibali, na fundi akisema imekwisha, imekwisha.

Hapo ndipo yule kijana wa blanketi anapoingia. Leseni chini ya Sheria ya Usimamizi wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015 hupewa mtu, haiandikwi kwa ajili ya kabati wala ukoo. Baba akifariki, bunduki haihami kwa mtoto kama inavyohama redio. Anayekaa nayo kimya kwa miaka, akiipangusa vizuri kuliko hata marehemu, bado amekaa na silaha isiyo na leseni, na usafi wake hautamtetea. Akitaka kuimiliki, anaomba kwa jina lake. Asipotaka, anaikabidhi. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kila mwaka kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari, na Jeshi la Polisi nchini limekuwa likitangaza muda wa kufanya hivyo bila kushtakiwa.

Ila asiibebe begani. Watu wamewahi kudhani kwamba kusalimisha maana yake ni kutoka na kitu hicho asubuhi na kupanda nacho daladala la Mbagala Rangi Tatu, kimefungwa kwenye kanga, konda akiuliza kama ni mzigo wa kulipia. Bunduki inaachwa pale pale kabatini, funguo zinabaki na mtu mzima mmoja, na mwenye nyumba anakwenda kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa au kituo cha polisi mikono mitupu, akiwa na cheti cha kifo na leseni ya zamani kama ipo. Askari ndio watakaomwambia itatokaje mle ndani, na nani ataishika.